Kitako cha Sakafu

Mtoto wa nyoka ni nyoka, ndivyo wanenavyo wahenga. Mimi ni mtoto wa seremala, na hadi nilipotimiza umri wa miaka 28 sikuwa nimewahi kupiga ubao randa. Karakana ya baba ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni petu, nami nilipita kando yake kila siku nikiwa nimekumbatia vitabu, nikijipa moyo kwamba Mola aliniumbia kalamu. Baba hakunilazimisha. Huenda alikuwa akinisubiri.

Usistaajabu basi, ndugu msomaji, kusikia kwamba useremala nilikutana nao ughaibuni. Mwaka wa 2014 nilikuwa katika jimbo la Ohio, Marekani, nikiwafunza wanafunzi wa chuo kimoja ngeli na nyakati za Kiswahili. Likizo ya kiangazi ilipowadia, chuo kiligeuka mahame, na jirani yangu, mzee mgane, akaniomba nimsaidie kazi ya siku mbili tatu. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na trela ya safari aina ya Airstream, iliyoundwa mwaka wa 1966: nyumba ya alumini yenye urefu wa futi 26, iliyoviringana kama yai, ya kukokotwa na gari. Trela hizo hutengenezwa katika jimbo lilo hilo, katika mji mdogo wa Jackson Center. Mzee aliniambia kwa fahari kuwa ndugu za trela yake waliwahi kufika kwetu, ilhali yeye hajafika. Ni kweli. Kati ya mwaka wa 1959 na 1960, Wally Byam, mwasisi wa kampuni hiyo, aliongoza msafara wa trela kutoka Cape Town hadi Cairo, wakapitia Afrika Mashariki.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kwa maelezo yake. Upande wa nyuma, karibu na choo, sakafu ilikuwa ikibonyea. Alitaka tukate kipande kilichooza, tutie kipya, yaishe. Linoliamu iliyotandazwa juu yake ilichaguliwa na marehemu mkewe, naye hakutaka iguswe zaidi ya ilivyolazimu.

Asubuhi ya kwanza mzee alikwenda dukani, nami nikafunua ukingo wa linoliamu na kuidunga plaiwudi kwa bisibisi kando ya ukuta. Ikazama hadi kwenye mpini. Nikasogea hatua moja, nikadunga tena, ikazama. Katikati ya chumba ubao ulikuwa mgumu kama jiwe, lakini kandokando ulikuwa umegeuka unga mweusi unaonuka kuvu. Mzee aliporudi nilisema tu kwamba kazi inaendelea. Sikudanganya, lakini sikusema kweli vilevile.

Usiku ule nilimpigia baba simu. Kwake kulikuwa kunapambazuka.

"Umedunga ukingoni?" aliniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Na bolti je?"

Sikuwa nimezitazama. Nilirudi na tochi nikazitazama, na ndipo nilipoelewa swali lake. Katika trela hizi plaiwudi si ya kukanyagwa tu. Imebanwa katikati: chini yake kuna fremu ya chuma, juu yake kuna mfereji wa alumini unaoshika mguu wa ukuta, na bolti hupenya vyote vitatu. Maji huingilia penye viungo vya bati, madirisha na taa, huteremka ndani ya ukuta na kunywewa na ubao kupitia ukingo wake, pasipofika jicho. Ubao ukioza, bolti husalia zimeshika hewa, na mwili wa trela huachana na fremu yake pole pole, hasa upande wa nyuma. Kiraka cha chooni kisingeshika chochote.

"Mwanangu, mwambie mwenyewe," baba alisema. "Ukifunika uozo ukalipwa, umeiba."

Nilimwambia mzee asubuhi. Alinyamaza kitambo. Kisha akapiga magoti, akaibandua linoliamu kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, akaikunja na kuipeleka ndani ya nyumba. Aliporudi alikuwa na grinda.

Siku mbili tatu zikawa majuma matano. Tulifungua mabati ya ndani upande wa chini ili tuzifikie bolti, tukazikata kwa grinda kwa sababu kutu ilikuwa imezifanya kitu kimoja na nati zake. Chini ya ubao tulikuta viota vya panya ndani ya sufi ya kioo. Fremu tukaisugua kwa brashi ya waya na kuipaka rangi ya kuzuia kutu. Plaiwudi mpya ilikuwa ya kuundia boti, unene wa milimita 16 hivi, futi 4 kwa 8. Karatasi nzima haiwezi kuingia chini ya mfereji wa kulia na wa kushoto kwa pamoja ukuta ukiwa umesimama, kwa hiyo tuliikata mapande mawili, tukasukuma kila pande upande wake, na kuyaunga katikati kwa ubao wa kushikiza kwa chini. Kila ukingo tuliupaka gundi ya epoksi kwanza, hata matundu ya bolti.

Kona za nyuma zimepinda, na mpindo huo nilichora kwenye kadibodi. Nilikata kwa uangalifu wa mtu anayesahihisha tasnifu, nikapeleka ubao mahali pake, nikakuta mpindo umeelekea nje. Nilikuwa nimeigeuza kadibodi juu chini. Karatasi nzima ilipotea. Baba alicheka mpaka akakohoa, akaniambia niandike neno "juu" kwenye kila kadibodi nitakayokata maishani.

Katika mazungumzo yale nilimwuliza ubao huu wa chini, usioonekana, tuuiteje. Sakafu peke yake haikutosha. Tena neno lenyewe lina mzaha wake: asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni paa. Wakazi wa nyumba za mawe za pwani hawangeshangaa, maana chokaa iliyomwagwa juu ya boriti ni dari ya aliye chini na sakafu ya aliye juu. Baba, ambaye hakusoma isimu, alisema, "Chungu kina kitako. Basi hicho ni kitako cha sakafu." Sijaliona katika kamusi yoyote, nami silitumii pungufu ya hapo.

Baba alifariki mwaka wa 2019. Randa yake ninayo, na sasa naitumia, ingawa vibaya. Mzee wa Ohio alibaki na sehemu ya mbele ya trela, ambayo hatukuigusa, akaniahidi ataimaliza mwenyewe. Mwaka uliofuata alinitumia picha. Mzee haonekani; ni kadibodi tu iliyopinda, imelazwa juu ya plaiwudi mpya, na katikati yake, kwa kalamu nene nyekundu, ameandika JUU.