Walioitwa na Waliokimbia



Kamati ya kitabu chetu iliponiandikia kwamba mwaka huu itachapa majina ya jamaa wote waliotutoka tangu tuanze kuhamia Uingereza, nilifurahi, na siku ile ile nikakaa kuandika majina ya upande wetu. Yalikuwa kumi na moja. Baada ya wiki mbili nikapigiwa simu na mzee wetu mmoja, ambaye namheshimu sana na ambaye hakukusudia ubaya wowote. Akaniuliza kwa upole, "Dada yangu, ukurasa wenyewe kichwa chake ni Waliolala katika Bwana. Je, kaka yako tumwandike humo, au tumtafutie mahali pengine?"

Nilimwomba anipe muda. Haya niandikayo ndiyo jibu langu, na kwa kuwa najua nyumba nyingine kati yetu zina swali hilo hilo zikalinyamazia, nimeona heri nijibu mbele ya wote.

Waliomjua kaka yangu hawahitaji kuelezwa. Alikuja Birmingham mwaka 1973, akafanya kazi ya mabasi, kwanza kondakta kisha dereva. Mimi nilimfuata 1975 kusomea uuguzi. Miaka ile ya mwanzo yeye ndiye aliyekuwa akinigongea mlango Jumapili nisichelewe kanisani. Halafu, yapata mwaka 1983, akaacha. Hakugombana na mtu, hakuingia dini nyingine, wala hakuwa mlevi. Alisema tu kwamba hawezi tena kutamka maneno asiyoyaamini mbele ya watu wanaoyaamini. Fedha za nyumbani aliendelea kupeleka kila mwezi, na wako wasomaji wa kitabu hiki ambao koti lao la kwanza la baridi alilinunua yeye.

Mwezi wa Februari 1998 alikuwa kitandani na kansa, na Mama alikuwa amekuja kutoka Mombasa kukaa naye. Jirani mmoja mwema akatuletea mchungaji wa kanisa lake. Sitalitaja, wala si la jamaa yetu yeyote. Alisali vizuri. Wakati wa kuondoka, Mama akamshika mkono pale mlangoni akamwuliza kama bado kuna tumaini kwa mwanawe. Kiingereza cha Mama kilikuwa cha kusoma, lafudhi za huku zilimshinda, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mchungaji akajibu kwamba Mungu aliwachagua walio wake kabla ulimwengu haujaumbwa. Kama mgonjwa ni mmoja wao, atarudi kabla ya kukata roho; kama si mmoja wao, machozi ya mama hayaongezi jina kwenye daftari.

Maneno hayo yalipita kinywani mwangu mimi. Ningeweza kuyapunguza makali, lakini sikufanya hivyo. Nilikuwa nimechoka, nikayafasiri kama yalivyo.

Usiku tukiwa jikoni tunamenya viazi, Mama akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu hakuitwa?" Nikamwambia, "Mama, chai inapoa." Siku ya nne kaka akafariki, na hakusema neno lolote la dini.

Sasa inanibidi nirudi nyuma kidogo, kwa maana habari hii ya kuchaguliwa haikuanzia Birmingham. Sisi tulilelewa nayo kule Kisauni. Mnajua kwamba upande wa Mama ni watu wa Kengeleni hasa. Baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa 1873, biashara ya watumwa baharini ilikatazwa, lakini mashamba ya karafuu ya Pemba yaliendelea kutaka watu. Basi wafanya biashara wakawatembeza mateka kwa miguu kutoka Kilwa, wakipanda na pwani, kisha wakawavusha usiku. Mama yake bibi yetu alikuwa mtoto wa miaka kama saba. Alikuwa na dada yake mkubwa. Walipofika upande wa Pangani wakatenganishwa: dada akapakiwa katika jahazi la kwanza, yeye katika la pili. La kwanza lilifika Pemba. La pili lilikamatwa na mashua za manowari ya Kiingereza, na mtoto akapelekwa Freretown, ile makazi iliyofunguliwa na Church Missionary Society mwaka 1875 kuwapokea watu kama yeye.

Alikua pale, akabatizwa, akaolewa, akazaa. Na maisha yake yote alisema, "Mimi Mungu alinichagua." Hakuna aliyembishia, kwani alikuwa amefanya nini yeye, mtoto aliyefungwa chini ya sitaha gizani? Hakuogelea wala hakupiga kelele. Alichukuliwa tu.

Upande wa Baba ulikuwa mwingine kabisa. Babu wa Baba alikuwa mtoro. Alitoroka shamba moja huko Takaungu, akatembea usiku na kulala mchana hata akafika misheni ya Rabai. Baadaye akaoa Ribe, ambako Wamethodisti walikuwapo tangu Thomas Wakefield alipofika mwaka 1862, na tangu hapo ukoo wa Baba ukawa wa Kimethodisti. Huko hadithi ilisimuliwa kwa fahari ya miguu. "Mungu hakumbeba babu yenu mgongoni," Baba alipenda kusema. "Alimwonyesha njia, naye akatembea."

Basi kila Krismasi, pilau ikiisha, ubishi ulianza. Bibi mzaa mama husema, ni nani aliyemwamsha yule mtoro usiku ule kama si Mungu? Baba hujibu, na wenzake waliolala, Mungu hakuwaamsha? Bibi hukasirika kidogo, kisha huomba kahawa. Sisi watoto tulidhani ni mzaha wa wakwe. Sikujua kwamba wakubwa wa Kanisa wamegombana juu ya jambo hilo hilo kwa miaka zaidi ya elfu moja na mia tano.

Nilijua nilipoanza kusoma, baada ya mazishi. Nilikuwa na zamu za usiku, na mchana nikishindwa kulala nilikwenda maktaba. Nikakuta kwamba aliyesema kwa nguvu kuliko wote kwamba mtu hawezi kumwendea Mungu asipovutwa na neema alikuwa Mwafrika wa Kaskazini, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Algeria. Na mshindani wake Pelagio, aliyeshikilia kwamba mtu aweza kutii akitaka, alikuwa mtu wa visiwa hivi hivi tunavyoishi. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukamhukumu Pelagio. Nilicheka peke yangu mle maktabani: Mwingereza alitegemea miguu yake, na Mwafrika akamwambia, ndugu yangu, wewe umebebwa.

Nikapita kwa Calvin wa Geneva, aliyekufa 1564, na kwa Arminius wa Uholanzi, na kwa mkutano wa Dort wa 1618 hata 1619 uliowakataa wafuasi wake. Mambo ya Dort ni magumu, nami si mwanachuoni. Waliponigusa kweli ni Waingereza wawili wa karne iliyofuata, John Wesley na George Whitefield, marafiki tangu ujana wao Oxford. Mwaka 1739 Wesley alihubiri Bristol kwamba neema ni bure kwa watu wote, na kwamba kusema Mungu amewaacha wengine tangu milele ni kumsingizia. Whitefield alishika uteule, akamjibu kwa barua iliyopigwa chapa, na urafiki ukatikisika. Wamethodisti wa Ribe ni watoto wa Wesley. Kumbe ubishi wa pilau ulitoka Bristol.

Nikasoma zaidi nikapata uchungu. Whitefield, aliyehubiri neema vizuri hata watu wakalia viwanjani, alitetea utumwa uruhusiwe Georgia, na alikuwa na watumwa wa kutumikia nyumba yake ya mayatima kule. Wesley aliandika kijitabu cha kuupinga utumwa mwaka 1774. Nilitaka kufunga hesabu hapo hapo: watu wa hiari ni wema, watu wa uteule ni wakatili, na yule mchungaji wa mlangoni ni wa pili. Lakini haikukubali. John Newton, nahodha wa zamani wa meli za watumwa, aliamini uteule mpaka kufa, na mwaka 1788 alichapa kitabu kuishuhudia biashara ile vibaya kwa macho yake mwenyewe. Tena Whitefield alipofariki Marekani mwaka 1770, aliyehubiri sala ya kumbukumbu yake London alikuwa Wesley, kwa kuwa marehemu alitaka hivyo.

Nikaacha kuwapima wenye mafundisho, nikaanza kuangalia walikuwa wakisema wakiwa wapi. Mtume Paulo, katika sura za tisa mpaka kumi na moja za Warumi, ndipo asemapo mengi juu ya kuchaguliwa. Nilikuwa nimezisoma mara nyingi bila kuona zinavyoanza. Zinaanza kwa kilio. Anawalilia ndugu zake wa damu, yu tayari yeye mwenyewe kutengwa na Kristo kama ingewasaidia. Na zinakwisha yeye akiwa ameacha kubisha, anastaajabia tu kina cha Mungu ambacho hakifikiwi. Kadhalika Kanuni ya 17 katika zile 39 za Kanisa la Uingereza, zilizochapwa nyuma ya Kitabu cha Sala cha Kiingereza alichokuwa nacho bibi, yasema fundisho hili ni faraja tamu kwa aonaye kazi ya Mungu ndani yake, lakini ni hatari kwa mdadisi anayelikodolea macho, laweza kumtupa katika kukata tamaa. Yule mchungaji alichukua faraja ya mtu na kumwonyesha mwingine kama hukumu.

Hapo nikamkumbuka mama yake bibi. Alisema "Mungu alinichagua" mara elfu. Lakini muulizeni yeyote wa upande wetu aliyesikia hadithi ile kwa bibi: hakuna hata mara moja aliposema kwamba Mungu hakumchagua dada yake. Alipofika pale penye jahazi la kwanza alinyamaza. Na kila jioni alimwombea dada yake kwa jina lake la nyumbani kwao, ambalo sitaliandika humu, wazee wetu wanalijua. Misheni haikupenda watu wawaombee wafu. Basi yeye alimwombea kama aliye hai, mpaka alipokuwa yeye mwenyewe bibi kizee wa zaidi ya miaka sabini. Sala hiyo bibi aliirithi, kisha Mama. Mimi hadi leo nikisikia mtu ametoka Pemba, humtazama usoni.

Iko na habari ya mtoro. Wenye mashamba walidai watu wao waliokuwa wamejificha misheni, na ilikuwa karibu pamwagike damu. Mwisho George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikianza utawala wa pwani alipatana nao walipwe fidia, na Januari 1889 watoro zaidi ya elfu moja wakapewa vyeti vya uhuru kule Rabai. Katika ukoo wa Baba husimuliwa kwamba siku ile babu yule alijificha porini, akidhani ni mtego wa kuwakusanya na kuwarudisha. Cheti chake kikawekwa. Baada ya siku tatu njaa ikamtoa. Baba hakupenda sana sehemu hii, kwa sababu ilipunguza sifa ya miguu. Miguu ilimfikisha Rabai, naam, lakini bila fedha iliyolipwa na mtu asiyemjua angebaki mtoro mpaka kufa. Na fedha ililipwa wakati yeye amejificha, anamwogopa yule yule aliyemlipia.

Mwaka 1999 nilikwenda Mombasa, nikamweleza Mama haya yote barazani, vibaya vibaya, nikiruka huku na huku. Nikamwomba radhi kwa habari ya chai. Nikamwambia kwamba swali lake sina jibu lake, ila yule mchungaji naye hakuwa nalo, na kwamba mimi siwezi kusema kaka alikuwa porini siku ya ngapi. Mama alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Yule mchungaji alikuwa na watoto?"

Nikasema sijui.

"Basi," akasema, akaondoka kwenda kutazama mchuzi.

Jioni ile, alipomaliza kumwombea yule dada wa Pemba, alimtaja na mwanawe, naye vile vile kama aliye hai. Alifanya hivyo mpaka alipofariki mwaka 2004, nami nafanya.

Kwa hiyo, mzee wangu uliyenipigia simu, nakurudishia orodha yangu na majina yake kumi na moja. Kichwa cha ukurasa sikukitunga mimi, wala siombi kibadilishwe. Jina la kaka yangu nimeliweka la saba, baada ya mjomba na kabla ya Mama. Naomba lichapwe pale pale.