Kubeba ni Zaidi ya Kuzaa

Mwanamke mwenye mimba tunamwita mjamzito, kwa kuwa amebeba uzito. Warusi nao humwita ‘beremennaya’, na ndani ya neno hilo mna neno lao la kale lenye maana ya mzigo. Wao hawakujifunza kwetu, wala sisi hatukujifunza kwao. Pande zote mbili watu walimtazama mama, wakaona mtu aliyebeba kitu.

Nimefundisha Kiingereza katika shule ya sekondari kwa miaka mingi, na kuna swali ambalo wanafunzi hawachoki kuniuliza. Kwa nini neno moja, ‘bear’, ni kubeba mzigo, tena ni kuzaa mtoto, tena ni mti kuzaa matunda, tena ni kuvumilia maumivu? Jibu ni kwamba neno hilo lina ukoo mkubwa, na maana zote hizo zimetoka katika tumbo moja.

Lugha zina koo kama watu. Sisi tunasema tatu, Wakikuyu wanasema ithatu, Waganda wanasema ssatu, na Wazulu wanasema thathu. Huhitaji kusoma sana kujua kwamba hao ni ndugu. Lugha nyingi za Ulaya, Iran na kaskazini mwa India nazo ni ndugu. Mwaka 1786 jaji mmoja Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Calcutta, William Jones, aliwaambia wasomi wenzake kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana kiasi kwamba lazima vimetoka chimbuko moja. Lugha hiyo mama haikuandikwa kamwe. Wataalamu wameijua kwa kuwalinganisha watoto wake, na wengi wao wanaona kwamba ilizungumzwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, katika nyika zilizo kaskazini mwa Bahari Nyeusi.

Mmoja wa mizizi ya lugha hiyo ni ‘bher’, yaani kubeba. Watoto walipotawanyika, kila mmoja aliitamka ile ‘bh’ kwa namna yake. Wahindi wa kale walisema ‘bharati’, anabeba. Wagiriki walisema ‘pherein’, Warumi wakasema ‘ferre’, na Waingereza wanasema ‘bear’. Mabadiliko hayo hufuata kanuni. Upande wa Kijerumani na Kiingereza kanuni hizo zilielezwa mwaka 1822 na Jacob Grimm, yuleyule aliyekusanya hadithi za watoto pamoja na ndugu yake.

Sasa tazameni, akina mama wenzangu, mzizi huo ulivyozaa. Kwa Waingereza umetoa ‘birth’, kuzaliwa, na ‘burden’, mzigo, na pia ‘bier’, yaani machela ya kubebea maiti. Hivyo tunabebwa tunapokuja duniani na tunabebwa tunapoondoka. Huko Uskoti mtoto huitwa ‘bairn’, yule aliyebebwa. Kwa Warumi, shamba lenye rutuba liliitwa ‘fertilis’ kwa sababu linazaa, na mwizi aliitwa ‘fur’ kwa sababu amebeba kisicho chake! Katika Kisanskriti mume ni ‘bhartri’, maana yake mbebaji na mtunzaji, na mke ni ‘bharya’, anayepaswa kutunzwa. Hapo mpe mzee wa nyumbani asome mwenyewe.

Hata nyumbani kwetu wajukuu wa mzizi huo wamefika. Refa wa mpira ni yule ambaye shauri hupelekwa kwake. Ofa ni kitu kilicholetwa mbele ya mtu. Kristofa ni mbeba Kristo, na Bernike tunayemsoma katika Matendo ya Mitume jina lake ni mleta ushindi. Lakini tusidanganywe na sauti. Neno letu ‘kubeba’ halikutoka huko, hata kama linaanza kwa ‘b’ kama ‘bear’.

Ninawaandikia haya kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Ameolewa zaidi ya miaka 20 na hakujaliwa kupata mtoto. Nilipojifungua mapacha na baadaye kurudi kazini, ni yeye aliyewafunga mbeleko, mmoja asubuhi na mwingine jioni. Walipougua surua, ni yeye aliyekesha nao. Siku moja tulialikwa kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi. Msemaji akaomba wanawake waliozaa wasimame ili wampe binti neno la hekima. Tulisimama wengi. Dada yangu alibaki amekaa, mwanangu akiwa amelala mgongoni mwake. Hakuna aliyemwomba neno, ingawa katika ukumbi ule sikumwona aliyekuwa na mengi ya kusema kuliko yeye.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilipokuja kusoma historia ya neno hili, niliona kitu ambacho miaka yote nilikuwa nikikifundisha bila kukitilia maanani. Kubeba ndiko kulikotangulia. Kuzaa ni tawi moja tu la kubeba, na kuvumilia ni tawi jingine. Mwanamke aliyebeba mtoto wa mwenzake mgongoni, aliyebeba ugonjwa wa mama mkwe, aliyebeba maneno ya watu kwa miaka 20 bila kuyarudisha, yumo katika ukoo wa neno hilo sawasawa na mimi niliyebeba mimba.

Wahenga wetu walilijua hilo bila Kisanskriti. Walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi tuache kumwita mwenzetu mgumba, hata kwa kunong’ona jikoni. Tunapowasimamisha akina mama kanisani au kwenye sherehe, tusiulize nani amezaa. Tuulize nani amebeba mtoto. Na kama kuna dada au shangazi aliyekubebea wako, usingoje siku ya msiba kulisema hilo mbele za watu. Mwambie wiki hii, watoto wakisikia.