Kabla ya vumbi la Kongo, angalia unachokalia

Wanaume wenzangu, leo naomba tukae chini tuzungumze. Na hapo kwenye kukaa ndipo penyewe, maana mada ya leo ni makalio yetu na kile tunachoyawekea tukiwa juu ya pikipiki. Akina dada msigeuze ukurasa, yanawahusu. Mtaona.

Mimi ni mtu wa Mwanza, nakaa Nyakato, na pikipiki ya cc 150 ndiyo miguu yangu. Sibebi abiria, ila kijiwe changu ni cha bodaboda, na stori zao nazijua zote. Kila baada ya miezi michache nawasha chombo naelekea Bukoba kumwona mama. Ni zaidi ya kilomita 400: Usagara, Kigongo, Sengerema, Geita, Katoro, Muleba, hadi Bukoba mjini. Watu huniuliza kwa nini nisipande basi kama binadamu wengine. Nawajibu kwamba basi halisimami pale ninapotaka kununua ndizi.

Safari hiyo ndiyo iliyonifundisha maana ya ganzi. Mpaka Sengerema unajiona mfalme. Ukifika Geita unaanza kuhamahama kwenye siti kama mtoto mwenye minyoo. Ukipita Katoro huhami tena, maana hakuna cha kuhamisha, kuanzia kiunoni kwenda chini pamekufa. Siku moja karibu na Muleba nilisimama nikajisaidia nyuma ya mti, na jamani, nilikuwa kama nimeshika mali ya mtu mwingine. Hofu niliyoipata pale haiandikiki gazetini.

Ndiyo maana mke wa mshkaji wangu mmoja wa kijiweni aliponivuta pembeni, nilimwelewa mapema.

"Shemeji," akaniambia, "hebu nipe ukweli. Hivi pikipiki inamaliza wanaume, au huyu ndugu yako ana mtu wake mahali?"

Mumewe ndiye aliyemwambia ni pikipiki. Miezi mitatu wanalala kama kaka na dada. Bibie hakuamini, alishafunga mizigo moyoni, ilibaki kuifunga kwenye begi. Na mshkaji mwenyewe? Kila Jumamosi alikuwa ananunua vumbi la Kongo kwa siri, tena kwa jamaa ambaye naye anashinda juu ya pikipiki. Mgonjwa anamuuzia mgonjwa!

Nilimjibu shemeji kwamba mambo ya kuwa na mtu siyajui, ila hilo la pikipiki si uongo mtupu. Sikia. Pale katikati ya miguu, sehemu unayoikalia, kuna mshipa wa fahamu na mishipa ya damu inayokwenda kwenye uanaume wako. Ukikaa vizuri, uzito unabebwa na mifupa miwili ya makalio. Siti ikiwa ngumu, au sponji ikiwa imekufa, ukainama mbele kushika usukani, uzito unahama na kukandamiza mishipa hiyo. Ukikandamiza saa nyingi, ganzi inaingia. Madaktari wanaijua ganzi hii kwa waendesha baiskeli tangu miaka mingi.

La pili ni joto. Korodani Mungu kaziweka nje kwa sababu zinataka ubaridi, nyuzi kama 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Sasa wewe umeacha siti nyeusi ya ngozi bandia juani pale Buzuruga toka asubuhi, unakuja unaikalia na jinzi ya kubana, na injini iko chini yako inachemka. Hapo unajipika mwenyewe. Ila tusichanganye mambo: joto linagusa mbegu, yaani uwezo wa kupata mtoto. Ganzi ndiyo inayogusa ile habari nyingine.

Sasa ndiyo naileta ngozi ya kondoo. Yangu niliipata Mlango Mmoja, kwenye mitumba, imekunjwa katikati ya mapazia. Bila shaka ilikuwa zulia la Mzungu fulani huko Ulaya. Nikaikata kwa umbo la siti, nikaifunga chini kwa mpira wa tyubu. Kijiweni walinicheka mpaka wakakaa chini. "Mzee umeanza kuagua?" "Kondoo wa nani kalala?" Nikawaacha wacheke. Wiki iliyofuata nilikwenda Bukoba. Sikushuka nikiwa mpya, nisiwadanganye, ila Geita niliipita nikiwa bado na mwili mzima, na suruali ilikuwa kavu.

Siri yake si ulaini. Godoro nalo ni laini, lakini ukilikalia saa mbili linazama na unagonga chini. Sufu ya kondoo imejikunjakunja kama springi ndogo maelfu kwa maelfu. Ukiikalia inainama, ukijiinua kidogo inarudi, na uzito wako unagawanyika badala ya kuangukia sehemu moja. Katikati ya nyuzi zake hewa inapita. Na jasho? Sufu inaweza kunywa unyevunyevu kama theluthi ya uzito wake kabla hujauhisi kwenye ngozi yako. Ndiyo maana inakaa poa juani na haikuumi kwa baridi ya alfajiri.

Msidhani ni imani ya kijiweni. Huko Australia waliwalaza wagonjwa hospitalini juu ya ngozi za kondoo, na utafiti uliotolewa mwaka 2004 ukaonyesha kwamba walipata vidonda vya kulala vichache kuliko wenzao waliolala kwa namna ya kawaida. Kidonda cha kulala kinatokana na nini? Mgandamizo, jasho na msuguano. Ndiyo hayo hayo yaliyoko kwenye siti yako. Na Marekani kuna chama cha waendesha pikipiki wa masafa, kilianza mwaka 1984, ukitaka kuingia unaendesha maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Safari hiyo wameipa jina la vidonda vya makalio! Watu wa masafa kama hao kukalia ngozi ya kondoo ni jambo la kawaida, na hakuna anayewauliza kama wanaagua.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi ndio tungepaswa kuwa wa kwanza. Bodaboda ilizaliwa huku huku kwetu kanda ya Ziwa, mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Zilikuwa baiskeli, na ujanja wao ulikuwa kushonea keria mto wa kukalia abiria. Yaani biashara yote hii ilianza na mto! Abiria alikumbukwa. Dereva, anayekaa pale kutwa, hakuna aliyemuuliza.

Sasa usikimbilie machinjioni ukadhani umepata ngozi ya bei chee. Kondoo wetu wa huku, wa Kisukuma na wale wekundu wa Kimasai, wana nywele fupi, hawana sufu nene. Ngozi yao ni nzuri kwa mambo mengine, ila kwenye siti ni kama umetandika mkeka. Kondoo wa sufu wako nyanda za baridi, kama Molo kule Kenya, na nyingine zinakuja na mitumba. Na kwenye mitumba angalia usiuziwe plastiki. Geuza nyuma: ya kweli ina ngozi, ya bandia ina kitambaa. Kama bado una wasiwasi, omba nyuzi mbili uzichome. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inabaki majivu, plastiki inayeyuka na kuganda kama shanga.

Kabla ya kuifunga, mpelekee fundi siti abadilishe sponji kama imekufa. Ngozi juu ya ubao ni ubao wenye nywele. Ifunge ikaze kabisa, maana ikiteleza kwenye kona utalala na kondoo wako barabarani. Mvua ikija, vua au ivishe mfuko wa nailoni, na watu wa Bukoba mnajua mvua yenu. Ioshe kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, ianike kivulini, jua kali linaikakamaza. Na usipakie sangara wabichi juu yake. Harufu ile itakwenda nayo mpaka harusini.

Kingine, ngozi haibadilishi mshikaki. Ukibeba abiria wawili, wewe dereva unasukumwa mbele mpaka unakalia tangi, na tangi halivai sufu. Akina dada mnaopanda wawili wawili ili kugawana nauli, mkumbuke kwamba wa mbele yenu anabanwa mahali ambapo pengine ni haki ya mwenzenu.

Halafu kuna jambo la Kigongo. Zamani kivuko kilitushusha kwa lazima. Unazima pikipiki, unasubiri, unanyoosha miguu, unakula samaki wa kukaanga, damu inarudi mahali pake. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likazinduliwa, kilomita 3 juu ya maji, na sasa kutoka Kigongo mpaka Busisi ni dakika chache tu. Nalipenda daraja lile, nani asiyelipenda? Lakini lilituondolea kituo cha kupumzisha makalio, na wengi hatukuweka kingine. Mimi nimejipangia: kila baada ya saa moja nashuka, dakika tano, natembea. Ngozi inachelewesha ganzi, kushuka ndiko kunakoiondoa.

Mshkaji wangu je? Shemeji hakungoja. Alimburuta hospitali kwanza, maana uanaume ukigoma unaweza kuwa taarifa ya sukari au presha inayokuja, na vumbi halikuambii hilo. Halina hata karatasi ya kusema ndani yake kuna nini. Daktari alimpima hivyo vyote, akamuuliza anakaa juu ya pikipiki saa ngapi kwa siku. Kumi na nne, akajibu. Akaambiwa apunguze. Amepunguza mpaka kumi, ndivyo alivyoweza, watoto wanakula. Ngozi alinunuliwa na mkewe, pale pale Mlango Mmoja, nyeusi ili uchafu usionekane. Ya chumbani sikuuliza, si kazi yangu. Ninachojua ni kwamba wote wawili wako nyumbani na Jumamosi yule muuzaji wa vumbi hapiti tena kwao.

Basi ndugu yangu, kama ganzi inaondoka ukishuka, hilo ni onyo, badili siti na mwendo wako. Kama haiondoki, au nguvu imekaa kimya wiki kadhaa, nenda kwa daktari, usione haya. Na ukiwa umenunua pakiti ya Jumamosi hii, fanya hesabu ya Jumamosi nne, halafu nenda kaulize bei ya ngozi. Wakikucheka kijiweni, waambie wapande wajaribu. Wangu waliojaribu wameanza kuniuliza niliipata wapi.