Mzee, platini na nusu ya bumu langu

Nilipotea, samahanini. Likizo yote nilikuwa nyumbani Morogoro na imeishia kwenye gari la mzee, ile Volkswagen Beetle ya 1972 yenye mgongo kama kobe. Mliowahi kuisukuma pale Msamvu, mzee anawasalimia.

Ugonjwa wake ulikuwa platini. Kwa wasiojua, ndani ya distribyuta kuna vidude viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vikigusana, umeme unapita kwenye koili. Vikiachana unakatika ghafla, na koili inatupa cheche kwenye plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini inafunguka mara 100 kila sekunde, kwa hiyo kuchoka ni lazima. Ila za mzee zilizidi. Kila baada ya wiki chache zinaungua, gari linaanza kukohoa, mzee anashuka na msasa wake, anasugua, anapima uwazi wa 0.4 mm, tunaondoka.

Mimi na fizikia yangu ya mwaka wa tatu nikaona dawa ninayo. Kuna kifaa cha kielektroniki kinachokaa mahali pa platini. Pete yenye sumaku inavaa kwenye shafti, na kidude cha pembeni kinahisi kila sumaku inapopita, ndicho kinakata umeme. Hakuna kinachogusana. Ni ile athari ya Hall, aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879 na sisi tukaikariri kwa ajili ya mtihani bila kuiona. Nikachukua nusu ya bumu (sasa mmejua kwa nini nilikula maharage hadi mwisho wa muhula), nikaagiza.

Mzee aliuliza swali moja tu: "Mama, hiki kikifa Mikumi usiku, nitakisugua na nini?" Nikacheka.

Nilifunga mwenyewe. Likawaka mara moja, likatulia kama cherehani. Siku ya tatu, tukitoka sokoni, likazima. Mzee akafungua nyuma, akagusa kile kidude, akatoa kidole haraka. Hakusema neno hadi nyumbani, na mnajua wazee wakinyamaza.

Usiku ndipo nikasoma karatasi ya maelekezo niliyoiruka: koili isiwe chini ya omu 3. Asubuhi nikachomoa waya za koili, nikagusanisha kwanza ncha za mita zenyewe ili nijue cha kutoa, halafu nikapima kati ya chanya na hasi. Omu 1.5. Nikarudia mara tatu. Volti 12 kugawa kwa 1.5 ni ampea 8! Kwa koili ya omu 3.4 zingepita kama 3.5 tu. Hesabu ya sekondari jamani, na mimi ndiye nitakayesimama darasani kufundisha sheria ya Ohm.

Mzee akakumbuka kwamba zamani kuna fundi alimfungia koili ya gari jingine. Aina hiyo hutakiwa iende na rezista ya nje ya kupunguza umeme, na hapa haikuwepo. Kumbe platini hazikuwa mbovu, zilikuwa zinachomwa. Miaka yote hiyo anasugua tu.

Tukanunua koili sahihi, tukarudisha platini, wiki mbili hazikuungua. Mzee akaona kesi imekwisha. Mimi nikaazima taa ya taimingi, nikamulika puli, alama inacheza huku na huku. Nikashika shafti ya distribyuta, inatikisika. Shafti ikitikisika, ule uwazi wa 0.4 haubaki 0.4.

Hapo nikachagua upya, safari hii kwa akili. Kuna aina inayobakiza platini lakini inazipitishia umeme kidogo tu, kazi nzito inafanywa na transista. Niliipenda sana, maana ikifa unarudisha waya zako na kuondoka. Lakini bado inasubiri platini zifunguke, kwa hiyo kwa shafti yetu isingesaidia. Cha sumaku hakisumbuliwi sana na mtikisiko, ingawa shafti mbovu haijapona. Nikanunua hicho tena, kwa hela ya tuisheni ya watoto wa jirani. Kabla ya kufunga nikapima koili, omu 3.4, nikapima na volti zinazofika kwenye koili. Na kwa kuwa kuacha swichi wazi injini ikiwa imezima kunaweza kukiunguza, nimebandika onyo kwenye dashibodi.

Mzee akaweka sharti. Platini mpya na kondensa vikae garini, na nivirudishe mbele yake, usiku, kwa tochi, yeye ameshika saa. Dakika 23. Akasema Mikumi dakika 23 ni nyingi, rudia. Mara ya pili 16. Mara ya tatu akafunga yeye, 14, na miwani yake ile.

Jumamosi ameenda Iringa kwa shangazi. Amenipigia akiwa Ruaha Mbuyuni, Mikumi ameshaipita. Habari za gari hakuzigusa, kauliza tu kama nataka vitunguu gunia au nusu. Nimesema gunia, kwa hiyo wa bloku yetu mnaotaka semeni mapema.