Uswisi wanapiga kura, kwetu waziri anasaini

Tarehe 28 Novemba 2010 wananchi wa Uswisi waliulizwa swali ambalo nchi nyingi huliachia serikali: mgeni akitiwa hatiani kwa kosa kubwa, afukuzwe nchini moja kwa moja, au hakimu aachiwe nafasi ya kupima? Karibu asilimia 53 walisema afukuzwe. Tarehe 28 Februari 2016 wakaulizwa tena, safari hii kama sheria iliyotokana na kura ile ikazwe zaidi, na karibu asilimia 59 wakakataa. Kura zote mbili zimenikuta hapa nikiwa mgeni mwenye kibali cha kuishi: nafanya kazi, nalipa kodi, sipigi kura. Naandika kwa sababu nyumbani Tanzania jambo hilohilo huamuliwa kwa njia nyingine kabisa, na sijawahi kusikia tukikaa kulijadili kwa utulivu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Watu wakikusanya saini 100,000 ndani ya miezi 18, wanaweza kudai Katiba ya shirikisho ibadilishwe, na swali lao litapelekwa kwa wapiga kura wote. Ili lipite, linahitaji wingi wa kura na pia wingi wa kantoni. Wiki chache kabla ya siku yenyewe, bahasha inafika nyumbani kwa posta. Ndani yake mna karatasi ya kura, kadi ya kutia saini na kijitabu chekundu kinachoeleza swali, hoja za walioleta pendekezo na msimamo wa serikali. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee mstaafu aliyefanya kazi reli, hukisoma kijitabu hicho ukurasa kwa ukurasa akiwa na kalamu mkononi. Akimaliza hujaza karatasi palepale mezani, akaifunga bahasha na kuipeleka posta mwenyewe.

Pendekezo la 2010 lilitoka kwa chama cha SVP, chama kikubwa kuliko vyote nchini, na bango lake walilijua hata watoto: kondoo weupe wamesimama juu ya bendera ya Uswisi na mmoja wao anampiga teke kondoo mweusi atoke nje. Mwafrika akisimama chini ya bango hilo kituoni kusubiri treni, hahitaji kuambiwa kondoo yupi ni yeye. Orodha ya makosa ilianza na mauaji, ubakaji na unyang'anyi. Ilifika kwenye biashara ya binadamu na dawa za kulevya. Kisha, katika orodha hiyohiyo, wakaweka kuvunja nyumba na kujipatia fedha za ustawi wa jamii kwa udanganyifu. Adhabu ya kufukuzwa ingekuwa miaka 5 hadi 15, na 20 kwa anayerudia. Serikali na Bunge walipinga, wakaleta pendekezo mbadala ambalo lingetazama uzito wa hukumu badala ya jina la kosa tu. Wananchi wakalikataa la serikali na kulipitisha la SVP.

Jirani yangu alipiga Ndiyo. Aliniambia mwenyewe tukiwa kwenye ngazi, bila kuona haya, na sikumchukia. Nyumba ya dada yake ilikuwa imevunjwa. Nami nimekulia Kagera, katika miaka ambayo majambazi walikuwa wakiteka mabasi kwenye mapori ya Biharamulo na abiria wakasafiri chini ya ulinzi wa polisi. Sina huruma na jambazi, awe mgeni au mwenyeji. Nchi ina haki ya kumwambia mgeni aliyeua au kubaka kwamba akimaliza kifungo chake aondoke.

Ila neno "moja kwa moja" ndilo lililoninyima usingizi. Maana yake ni kwamba hakimu hataruhusiwa kuuliza huyu mtu ni nani. Na Uswisi swali hilo ni zito kuliko mahali pengi, kwa sababu kuzaliwa hapa hakukupi uraia. Zaidi ya robo ya wakazi wa nchi hii huhesabiwa kuwa wageni, na baadhi yao wamezaliwa katika hospitali za hapahapa, wamesoma shule za hapahapa, na lugha wanayotania nayo ni Kijerumani cha mtaani. Kijana wa wazazi Wareno au Wakosovo akivunja duka akiwa na miaka 20, atapelekwa katika nchi aliyoiona wakati wa likizo tu.

Bunge lilipotunga sheria mwaka 2015, liliweka kifungu kinachomruhusu hakimu, kwa nadra, kuacha kumfukuza mtu iwapo kufukuzwa kutamletea taabu kubwa mno na maslahi ya umma hayazidi taabu hiyo. Kifungu hicho kinamtaka hakimu azingatie hasa hali ya waliozaliwa au kukulia Uswisi. SVP hawakuwa wamengoja Bunge limalize. Walikuwa wameshakusanya saini nyingine mwaka 2012, na pendekezo lao la pili lingeondoa mlango huo na kuongeza orodha ya makosa madogo, kama kumjeruhi mtu kidogo au kushiriki ugomvi, kwa yeyote aliyewahi kuhukumiwa katika miaka 10 iliyotangulia.

Hapo ndipo nilipoona jambo nililokuwa silijui kuhusu nchi hii. Maprofesa wa sheria na majaji wastaafu walijitokeza hadharani. Vijana wa kikundi cha Operation Libero, kilichoanzishwa 2014, waliingia mitandaoni na mitaani na hoja moja: bila hakimu anayepima, hakuna utawala wa sheria. Mwanzoni uchunguzi wa maoni ya watu ulionyesha pendekezo litapita. Siku ya kura, zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura walishiriki, idadi kubwa kwa desturi ya hapa, na likaanguka.

Jirani yangu safari hii alipiga Hapana. Nilimuuliza kilichombadilisha. Akanitajia kijana mmoja katika timu ya mpira aliyokuwa akisaidia kuifundisha, mtoto wa Wareno, aliyewahi kupigana nje ya baa. "Yule nimemfundisha kufunga kamba za viatu," aliniambia. "Nikisoma orodha hii, yumo." Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2016 ni kali bado, na majaji hawakifungui kifungu kile ovyo. Lakini kipo, na kila anayefikishwa mahakamani anaweza kukitaja.

Nilipomsimulia baba mdogo kwa simu, yuko Ngara, mpakani, alinisikiliza mpaka mwisho ndipo akauliza, "Kwa hiyo wenye nchi waliulizwa. Na ninyi wageni, je?"

"Hatukuulizwa, baba."

"Basi mwanangu, mna tofauti gani na waliofukuzwa huku?"

Alikuwa anakumbuka 2013. Mwishoni mwa Julai mwaka huo Rais Kikwete, akiwa Kagera, aliwataka wahamiaji haramu waondoke kwa hiari ndani ya wiki mbili. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli: ujambazi, silaha, mifugo kuvamia ardhi. Ila mpaka wetu na Burundi haujawahi kuzitenganisha familia. Wahangaza wa Ngara na Warundi wanasikilizana bila mkalimani. Mama mmoja wa kitongoji cha baba mdogo, aliyetoka ng'ambo ya mto wa mpakani akiwa binti na kuolewa kwetu, aliondoka ndani ya zile wiki mbili kwa hofu tu. Hakuwa na kosa lolote. Aliacha mume, watoto wakubwa na migomba aliyoipanda mwenyewe. Maelfu ya watu walivuka mipaka miezi ile, na wengi wao walivuka bila mahakama kumtenganisha jambazi na mkulima.

Sheria yetu ya Uhamiaji ya mwaka 1995 inampa waziri mamlaka ya kutoa amri ya kumfukuza mgeni. Kenya nako, chini ya sheria ya 2011, amri inatoka kwa waziri, na mahakama inayomhukumu mgeni inaweza kupendekeza aondolewe. Si kwamba hatujui kupiga kura ya maoni. Wakenya walipiga 2005 na 2010 kuhusu Katiba. Wazanzibari walipiga tarehe 31 Julai 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa. Kuhusu nani afukuzwe na kwa utaratibu gani, hatujawahi kuulizwa, na bungeni suala hilo hupita haraka.

Hata hivyo sitamani tuige kura ya Waswisi jinsi ilivyo. Mwaka 2000 wakazi wa Emmen, mji ulio karibu na Lucerne, walipiga kura kuamua waombaji wa uraia mmoja mmoja. Waitaliano wakapita, waliotoka Yugoslavia ya zamani wakakataliwa. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya shirikisho ikapiga marufuku utaratibu huo, kwa kuwa anayekataliwa ana haki ya kupewa sababu na sanduku la kura halitoi sababu. Sasa nafikiria jambo ambalo Tanzania ilifanya na ambalo sisi wenyewe hatulisifu vya kutosha: mwaka 2014 zaidi ya Warundi 162,000, waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na wazao wao, walioishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walithibitishiwa uraia wetu. Sijui nchi ya Ulaya iliyowahi kuwapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mkupuo. Kama tungeitisha kura ya nchi nzima, naamini lingekataliwa. Kalamu ya serikali iliwaokoa watu wale, na kalamu ya serikali hiyohiyo mwaka uliotangulia iliwafanya wengine wavuke mto usiku.

Kwa hiyo baba mdogo ana haki ya kuuliza, ila jibu langu kwake lilikuwa kwamba tofauti ipo, na haimo katika kura. Kura ya 2010 ilikuwa kali kwetu kuliko amri nyingi za mawaziri. Kilichobaki kunilinda ni kwamba kabla sijapandishwa ndege lazima hakimu asome jalada langu, jina langu likiwa juu yake, asikie nimeishi hapa miaka mingapi na nina watoto wangapi, aandike uamuzi wenye sababu, na niweze kuukatia rufaa. Afrika Mashariki wengi hawakuwa na ulinzi huo. Wamakonde wa Kwale waliishi Kenya vizazi kadhaa bila vitambulisho, wakatembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba wa pwani ya Kenya walisubiri mpaka 2023. Miaka yote hiyo, askari yeyote barabarani angeweza kuwauliza kwao ni wapi, nao hawakuwa na mtu wa kuwajibia mbele yake.

Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa ya Tanzania ilipangwa kufanyika Aprili 2015 ikaahirishwa, na mpaka leo haijafanyika. Mjadala huo ukifufuka, sisi tulio nje tutaomba tena uraia pacha, na nitakuwa mmoja wa waombaji. Lakini nitaomba na kifungu kingine, kwa ajili ya yule mama wa Ngara: kwamba mtu aliyeishi nchini miaka mingi, awe na karatasi au asiwe nazo, awe na kosa au asiwe nalo, asiondolewe kwa amri peke yake. Afikishwe mbele ya hakimu, asomewe sababu kwa lugha anayoielewa, na mumewe na watoto wake waruhusiwe kusema.