Pikipiki Kuukuu na Njia ya Ruaruke

Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa, utapita Mbagala, Mkuranga na Bungu kabla ya kufika Kibiti. Hapo lami huendelea kusini kuelekea Daraja la Mkapa na Lindi. Wewe uendaye Ruaruke huna budi kuiacha na kugeukia mashariki, upande wa delta ya Rufiji. Utapokelewa na minazi, miembe na mikorosho, na mbele zaidi nchi hushuka hadi kwenye mikoko. Kiangazi kuna mchanga mwingi. Wakati wa masika ni tope. Ni nchi ya kupendeza, lakini mkorosho hauzai plagi, wala mwembe hauna spana.

Usidhani kuwa shida hii ni ya leo. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika delta hii ikiwa na mitambo mibovu. Sehemu zilizoharibika zilisafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, zikarudishwa. Mitambo ilitengenezwa, lakini Waingereza walikuwa wameizuia isitoke mtoni, na tarehe 11 Julai 1915 ikaishia humo humo. Tangu hapo mtu wa delta anajua kuwa karakana iko mbali.

Siku hizi chombo cha njia hii ni pikipiki. Ndiyo ibebayo gunia la korosho, na ndiyo impelekayo mama mja mzito hospitali ya Mchukwi usiku wa manane. Ikizima njiani, kinachopotea si muda tu. Pengine ni uhai.

Basi tuseme pikipiki yako kuukuu imetoka gereji jana, na leo inakohoa. Kabla ya kuilaumu kwa uzee, anza pale mkono wa fundi ulipogusa mwisho. Muulize kwa heshima alifungua nini. Kama alisafisha kabureta, tazama mpira unaoiunganisha na injini. Usipokazwa vema, hewa hupenya, mngurumo ukapanda na kushuka wenyewe, na injini ikapata joto kupita kiasi. Kama aliondoa tangi, hakikisha mpira wa petroli haukukunjika. Na kama pikipiki huenda mwendo mfupi, ikazima, kisha ikawaka ukifungua kifuniko cha tangi, shuku tundu la kupitishia hewa katika kifuniko hicho: huenda limeziba.

Baada ya hapo, injini ikiwa imepoa, fungua plagi uitazame. Rangi ya kahawia isiyokolea ni dalili ya afya. Masizi meusi makavu yaonyesha petroli imezidi hewa: labda choki haikurudi, au chujio la hewa ni chafu. Weupe waonyesha hewa imezidi petroli, na hapo urudie kuukagua ule mpira wa kabureta. Plagi iliyolowa petroli yakuambia kuwa cheche ni hafifu au petroli imefurika. Kagua waya na kofia ya plagi kwanza.

Rekebisha jambo moja, ujaribu, ndipo uguse la pili. Ageuzaye skrubu tatu kwa mara moja hatajua ni ipi iliyoponya na ni ipi iliyoharibu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo jaribio lako lifanyie Kibiti, juu ya lami, ukiwa na mzigo wa kawaida, na kwa mwendo wa kutosha kuipasha injini moto. Ikikohoa, rudi kwa fundi na umweleze ulichokiona katika plagi. Maelezo hayo yatamsaidia kuliko malalamiko. Hapo mjini fundi yupo. Ukiisha geuka mashariki, fundi ni wewe.