Juba na Magari Yenye Kumbukumbu

Mji wa Juba umejengwa kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Nile Mweupe, kiasi cha mita 550 juu ya usawa wa bahari. Upande wa machweo umesimama Jebel Kujur, mlima wa mawe ambao mgeni huuona kabla ya kuzijua njia za mji. Hapa ndipo makao makuu ya Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru wake tarehe 9 Julai, 2011, na kukubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Lugha ya sokoni ni Kiarabu cha Juba. Lakini katika soko la Konyo Konyo, na hasa penye malori na gereji, Kiswahili nacho husikika, kwa kuwa bidhaa nyingi na mafundi wengi wamepitia Kenya na Uganda.

Magari mengi ya mji huu yamefika kwa njia hiyo hiyo. Gari lililokwisha kutumika huko Japani huteremshwa bandarini Mombasa, usawa wa bahari. Hupanda hadi Nairobi, na kama likipita Timboroa hufikia kimo cha zaidi ya mita 2,700. Kisha huvuka Uganda, hupita Gulu, na kuingia Nimule. Kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za barabara iliyokamilishwa kutiwa lami mwaka 2012 kwa msaada wa Marekani, nayo ndiyo iliyokuwa barabara kuu ya kwanza ya lami nchini humo. Mwisho wa safari ni kuvuka Nile, ama kwa daraja la zamani la chuma, ama kwa Daraja la Uhuru lililofunguliwa mwaka 2022 kwa msaada wa Japani.

Zamani gari la kabureta lilipopanda milima ya namna hiyo lilitoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu, maana hewa ya juu ni nyepesi, ilhali petroli iliendelea kumiminika kama ilivyopangwa pwani. Ilimbidi fundi arekebishe kabureta kwa mkono. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo iliyomo ndani ya gari. Hiyo hupima hewa iingiayo, ikaamuru petroli kiasi gani inyunyizwe. Kwa kawaida petroli gramu moja huhitaji hewa gramu 14.7 ili iungue barabara. Ndani ya bomba la moshi kuna kifaa kipimacho oksijeni iliyosalia. Kifaa hicho kilianza kutumiwa katika magari ya Volvo mwaka 1976, nacho huijulisha kompyuta kama petroli imezidi au imepungua.

Lakini kompyuta haiishii hapo, huweka kumbukumbu. Vumbi la Juba likichafua kipimio cha hewa, au pampu ya petroli ikianza kuchoka, kompyuta huona kwamba kila siku yapasa kuongeza petroli kidogo. Basi huliandika ongezeko hilo na kulitumia hata kabla ya kukumbushwa. Hivyo gari huendelea kwenda vizuri, na mwenyewe asijue kwamba lina ugonjwa. Ila uvumilivu huo una mpaka. Marekebisho yakizidi kiasi, aghalabu karibu na robo ya kipimo cha kawaida, taa ya injini huwaka.

Jambo la pili ni mafuta yenyewe. Sudan Kusini huchimba mafuta ghafi, lakini sehemu kubwa ya petroli itumiwayo Juba huletwa kwa malori kutoka nje. Inapoadimika vituoni, huuzwa kandokando ya barabara kwa chupa, na hapo mnunuzi hana hakika ya anachokinunua. Mafuta ya taa yakichanganywa katika petroli, injini hugonga. Udanganyifu huu ni wa eneo zima: mwaka 2018 Kenya ilitoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuuzuia. Magari mengi yana kifaa cha kusikiliza mgongano huo, na kompyuta ikiusikia huchelewesha cheche za plagi. Injini huokoka, lakini nguvu hupungua na petroli huliwa zaidi. Mwenye gari hulaumu injini, kumbe kosa ni la chupa.

Wengi huuliza kama kompyuta hujifunza pia tabia ya dereva. Ile ya injini hujifunza zaidi hali ya injini yenyewe. Lakini katika magari mengi yanayobadili gia yenyewe, kompyuta huuangalia mguu wa dereva. Akikanyaga mafuta polepole, gia hupanda mapema. Akikanyaga kwa nguvu, huchelewa kupanda. Gari lililozoea kusota kwenye misongamano ya mjini laweza kusitasita siku linapotoka kwenda Nimule. Hili si dogo. Sudan Kusini huendesha upande wa kulia, na magari mengi yaliyopitia Uganda na Kenya yana usukani wa kulia. Dereva atakaye kulipita lori haoni mbele mpaka gari lake limekwisha kutokeza katikati ya barabara. Gari likisita hapo, roho za abiria zimo hatarini. Yafaa basi dereva alipime gari lake mahali peupe kabla ya kulitegemea.

Kuna hila moja ya kujihadhari nayo. Katika magari mengi, waya wa betri ukifunguliwa, kumbukumbu hufutika na taa ya injini huzimika. Fundi mwaminifu hufanya hivyo baada ya kutengeneza kosa, kisha gari hujifunza upya kwa makumi ya kilomita. Muuzaji mjanja hufanya hivyo saa moja kabla ya mnunuzi kufika, na ugonjwa hurudi siku chache baadaye, fedha za jamaa zikiwa zimekwisha kutoka.

Kwa hiyo mnunuzi, awe Juba, Arusha au Kampala, na atazame mambo matatu. Ufunguo unapozungushwa kabla ya injini kuwaka, taa ya injini yapasa iwake, kisha izimike baada ya injini kunguruma. Isipowaka kabisa, huenda imeng'olewa. Pili, aliendeshe gari kwa mwendo mrefu, na ikiwezekana arudi kesho yake alijaribu tena. Tatu, akiisha kulinunua, abadili chujio la hewa mapema na anunue petroli mahali panapoaminika. Kompyuta huweza kuufunika ufa kwa muda, lakini haiuzibi. Na asiyeziba ufa hujenga ukuta.